Kaharabu ya Ami Qadir na Gauni la Nairuzi

Khunaw hakuwa na subira na watu wanaopiga picha vibaya. Akiiona picha iliyokolezwa rangi, uso wake ulikunjamana kama wa mtu aliyekuta unywele kwenye supu. Kwa hesabu yake, mji mzima wa Hawler ulikuwa na watu watatu tu wanaoijua rangi, na wawili kati yao walikwishakufa.

Kazi yake ilikuwa kupiga picha tasbihi za kaharabu zinazouzwa kwenye mnada wa simu, ule wa kila Alhamisi unaowafanya wanaume wenye wajukuu waache wali upoe wakigombania shanga thelathini na tatu. Marehemu baba yake alikuwa na studio ya picha za pasipoti nyuma ya soko la Qaisari. Studio ikageuka duka la viatu, Khunaw akabaki na kamera na dharau ya mzee.

Kwenye kaharabu, utomvu wa miti ya kale uliogeuka jiwe, rangi ndiyo kila kitu. Shanga zilezile zikionekana za rangi ya asali watu wanapandishiana bei, na zikionekana za rangi ya chai iliyolala hakuna anayeuliza. Kwa hiyo waongo walikuwa wengi, na mkubwa wao alikuwa Dilman, mwenye kuendesha mnada wenyewe. Dilman alikuwa na meza ya kupigia picha yenye mahameli nyekundu na taa mbili za njano, na hata kokoto ukiiweka pale ingetoka ikitamanika.

“Dada Khunaw, wewe unapiga picha kama daktari wa maiti,” alimwambia siku moja. “Tia uhai kidogo. Watu wanataka kupenda.”

“Wakitaka kupenda waoe,” alijibu Khunaw. “Mimi napiga kilichopo.”

Na kweli alipiga kilichopo. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja linalotazama kaskazini, lisiloingiwa na jua. Taa zilizimwa. Meza ilitandikwa kitambaa cha kijivu, na yeye mwenyewe alivaa koti refu la kijivu lililochakaa viwiko. Kwanza alipiga picha ya kadi ya kijivu, ili kamera ijue mwanga wa siku hiyo ukoje. Ndipo alipoweka tasbihi. Shanga iliyong'arishwa ni kioo, alikuwa akisema, inakula rangi ya kila kilicho karibu nayo. Mwenye fulana ya kijani alisubiri ngazini. Mwenye mkoba mwekundu aliuacha mlangoni, akipenda asipende.

Kwa ukali huo alikuwa amepata kitu ambacho Dilman hakuwa nacho. Katika miaka kumi na moja, hakuna tasbihi hata moja aliyoipiga iliyorudishwa. Mtu akisita mnadani, wenzake walimwambia tu, “Imepigwa na Khunaw,” na maneno yakaisha. Hakuwa na mume wala duka. Alikuwa na sentensi hiyo, na aliilinda kuliko macho yake.

Siku ya kuamkia Nairuzi, sikukuu ya mwaka mpya, asubuhi, alikuja Ami Qadir. Alikuwa fundi saa mstaafu, mtu mkimya, mwenye kilemba cha mirabaraba myekundu na myeupe alichokifunga kwa uangalifu kama mtu anayekwenda kuposa. Alikuwa anahamia Duhok kwa binti yake, na hakuwa na mtoto wa kiume wa kumwachia tasbihi ya baba yake. Alitaka impate mtu atakayeitumia.

“Vua kilemba, ami,” alisema Khunaw kabla mzee hajakaa.

“Nivue kilemba?”

“Kina wekundu. Utanichafulia rangi.”

Mzee alikishika kilemba kwa mikono miwili. Wanaume wa umri wake hawaonyeshi vichwa vyao kwa wanawake wasiowajua, na Khunaw alilijua hilo vizuri, ila alidharau mila yoyote inayosogea karibu na dirisha lake. Ami Qadir akafungua kilemba polepole, akakikunja, akakiweka nje ya mlango juu ya viatu vyake. Kichwa chake kilikuwa na upara wenye madoa. Akakaa akitazama sakafu.

Khunaw akapiga kadi ya kijivu. Hapo honi ikalia barabarani. Dada yake na familia nzima walikuwa garini, masufuria ya dolma, mboga zilizojazwa wali, yamefungwa kwenye mablanketi, wakimngojea waende milimani kabla barabara haijajaa.

“Khunaw,” dada yake aliita kutoka chini, “kama hujavaa tunakuacha na shanga zako.”

Akaingia chumba cha ndani akavaa. Lilikuwa gauni jipya, refu, la njano, limetariziwa vimetameta vya dhahabu kuanzia shingoni hadi miguuni, na mikono mirefu ya gauni hilo ilifungwa ncha zake nyuma ya mgongo. Hakuwa mtu wa mapambo, lakini hilo alilipenda, na alijiangalia kwenye kioo mara mbili. Honi ikalia tena. Akatoka mbio, akainama juu ya meza, akapiga tasbihi picha sita, akazituma kwa Dilman akiwa anashuka ngazi.

Mzee alibaki akifunga kilemba chake mlangoni peke yake, tasbihi mfukoni.

Alhamisi iliyofuata, tasbihi ya Ami Qadir iliwatia watu wazimu. Ilitoka na rangi ya asali mbichi, na mng'ao kama uliowashwa kutoka ndani. Mmoja aliuliza kama ni kweli. Wakamjibu ishirini kwa pamoja kwamba imepigwa na Khunaw. Akaichukua mtu wa Sulaimaniya aitwaye Rezan, kwa bei ambayo Dilman aliitangaza mara tatu kwa utamu wa kuisema. Khunaw aliyasoma yale akinywa chai, akajisikia vizuri sana. Angalau mara hii, aliwaza, wapumbavu wamepewa ukweli na wameupenda.

Mnada ule una desturi yake. Kitu kisichofanana na picha hakirudishwi kwa posta wala kwa mlango wa nyuma. Mnunuzi hukileta Jumamosi asubuhi kwenye mkahawa wa chai ulio chini ya ngome, akakiweka mezani mbele ya watu, muuzaji na mpiga picha wakiwapo. Jumamosi hiyo Rezan alikuja. Aliweka tasbihi kando ya simu yake yenye ile picha. Picha ilikuwa asali. Shanga zilikuwa chai iliyolala.

Mwenye kumimina chai akasimama na birika. Dilman aliegemea ukuta, mikono kifuani, na uso wa mtu aliyeletewa keki.

“Hii siyo niliyoipiga,” alisema Khunaw.

“Ndiyo hiyohiyo,” alisema Ami Qadir. “Mwanangu, mimi sina tasbihi nyingine.”

“Ami, mimi nimefanya kazi hii miaka kumi na moja. Picha zangu hazikosei. Kama shanga zimebadilika, basi kuna aliyezibadilisha kabla ya kuzipeleka Sulaimaniya. Na zilikuwa mikononi mwako.”

Alilisema bila kupandisha sauti, kwa dharau ileile aliyozoea kuwasemea wenye taa za njano. Watu wawili waliokuwa wamekaa na mzee benchi moja wakasogea pembeni kidogo. Hilo tu lilitosha. Ulimwengu mdogo wa shanga humkana mtu kwa kusogea kwenye benchi.

“Na tuikuze picha,” alisema Khunaw, akichukua simu ya Rezan, “niwaonyeshe. Kaharabu ina mistari yake kama kiganja. Mtaona siyo moja.”

Akaikuza. Mistari ilikuwa ileile. Akaikuza zaidi, akitafuta tofauti, na hapo akaona kitu kingine. Katikati ya kila shanga palikuwa na doa la njano lenye vichomo vidogo vya dhahabu. Lilikuwa na umbo. Lilikuwa na mabega. Lilikuwa limeinama.

Akaitambua shingo ya gauni lake.

Hakuna mwingine aliyeona. Wote walikuwa wakimtazama yeye, na hao ni watu wanaotazama rangi tu, hawajawahi kutazama ndani ya shanga. Angeweza kuirudisha simu, akanyamaza, na sentensi yake ingebaki salama. Mzee angekwenda zake Duhok na jina la mwizi, na baada ya mwezi mmoja hakuna ambaye angekumbuka. Khunaw aliliwaza hilo lote, na kwa muda alilitaka. Kisha akajiona mle ndani, mara thelathini na tatu, mwanamke mnene aliyemeremeta, na akamdharau kuliko alivyowahi kumdharau Dilman.

Akamsukumia Dilman simu. “Tazama katikati. Hilo ni gauni langu la Nairuzi. Nilipima mwanga nikiwa na koti, nikapiga nikiwa nimevaa hilo. Tasbihi ni ileile. Mwongo ni mimi.”

Dilman alitazama, akacheka puani, simu ikazunguka meza kwa meza. Kila aliyeishika alicheka. Khunaw alisimama akawaacha wacheke. Kisha akamgeukia mzee.

“Ami, nisamehe. Njoo kesho asubuhi, nitaipiga upya. Nitaipiga vizuri, na nitawaambia wote ni ya kweli.”

Ami Qadir alikuwa anaikusanya tasbihi yake kutoka mezani, shanga kwa shanga, akiiingiza kiganjani. Akaitia mfukoni. Akakirekebisha kilemba chake, upande huu, upande ule, hadi kilipokaa sawa.

“Nitampa Dilman aipige,” alisema.

“Dilman ataidanganya rangi, ami.”

“Ataidanganya,” alisema mzee. “Lakini hatanivua kilemba, na hajaniita mwizi.”