Dawati Lililoingia Dirishani

Kwenye ukuta wa ofisi ya shule yetu, nje kidogo ya Bariadi, palikuwa na maandishi ya rangi ya bluu: elimu ni haki ya kila mtoto. Hawakuandika kwamba mtoto aje na mahali pa kukalia. Miaka ile ya soko huria wazazi walianza kuambiwa wachangie kila kitu, na nilipokuwa darasa la tatu tukatangaziwa kuwa asiye na dawati lake asikanyage darasani. Watoto wa wenye maduka mjini walikuja na madawati ya fundi, yamepigwa vanishi. Sisi watano wa kitongoji chetu tukarudishwa nyumbani. Hasira ile ninayo mpaka leo.

Baba hakuwa fundi, na shule hakusoma. Alituita sote, mimi na watoto wanne wa majirani, akatukalisha chini bega kwa bega, akatupima kwa kamba ya ng'ombe. Kisha akabomoa mkokoteni wetu, ule uliobeba pamba yetu kila mavuno, na kwa mbao zake akapigilia dawati moja refu. Nyuzi za pamba zilikuwa bado zimenasa kwenye nyufa. Mama alisimama akitazama, na alipoombwa misumari aliileta.

Shida ni kwamba baba alitupima sisi, hakupima mlango wa darasa. Tulilisukuma hivi, tukaligeuza vile, halikuingia. Wenye vanishi walicheka hadi wakashika mbavu. Baba yangu nampenda sana, lakini siku ile nilitamani ardhi inimeze. Yeye wala hakutahayari. Alizunguka nyuma ya darasa, akayatazama madirisha, ambayo yalikuwa matundu mapana tu yakisubiri fremu tangu sijazaliwa, akalipitisha dawati huko.

Mwalimu mkuu akaja na rejista yake. Alisema dawati moja ni la mtoto mmoja, kwa hiyo mimi nibaki na wale wanne warudi kwao.

Baba alijifuta jasho, akamwamkia, "Mwangaluka, mwalimu," kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. Kisha akasema, "Hilo nimelipima kwa watoto watano. Ukimrudisha hata mmoja, nisaidie kulitoa."

Mwalimu mkuu akalitazama dirisha, akalitazama dawati, akaandika majina matano.

Mavuno yalipofika, mama alibeba pamba kichwani, furushi baada ya furushi, hadi kituo cha kuuzia. Njia ilipita nyuma ya darasa letu, na kila alipofika usawa wa dirisha lile alipunguza mwendo. Kugeuka hakuweza, mzigo haukumruhusu, lakini kusikia aliweza. Basi nilikuwa napaza sauti kwenye jedwali la kuzidisha kwa saba, hadi mwalimu akaniuliza nagombana na nani.