Kenge wa Drusilla na Moto wa Sabato

Drusilla alikuwa amechoka na kenge yule, na kuchoka kwenyewe hakukuanza juzi. Mumewe Onsongo, aliyekuwa akipeleka ndizi masoko ya ziwani, ndiye aliyemleta kijijini kwao Gesima angali wa kuenea kiganjani. Onsongo alipofariki, kenge alikuwa mrefu kuliko benchi ya jikoni.

"Wengine huachiwa shamba," Drusilla aliwaambia wenzake wa kuchuma chai. "Mimi nimeachiwa mke mwenza mwenye mkia."

Wakacheka, wakamshauri amtupe mtoni. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Angemtupaje, na huyo ndiye kiumbe pekee aliyebaki akiinua kichwa mlango ukisukumwa, kana kwamba naye anamngoja Onsongo?

Baridi ya Julai ilipoingia, kenge akaanza kutapika. Drusilla alifanya alilolijua: mgonjwa hulishwa. Akampa mayai, akaongeza utumbo wa kuku, na kila Jumapili akakuta vyote vimerudishwa sakafuni, vinanuka uozo. Akafuta huku akimsema marehemu.

Ilimchukua muda kujiuliza kwa nini ni Jumapili tu. Siku nyingine mnyama alishinda kando ya mafiga, tumbo limeelekea moto, na chakula kikatulia. Lakini Ijumaa jua likizama Drusilla alizima moto, kama alivyofundishwa na mamake, na Sabato nzima nyumba hiyo ilikula viazi baridi. Kenge hana joto lake mwenyewe. Huliomba kwa jua au kwa moto. Chakula kilikuwa kikimwozea tumboni, na Drusilla, kwa huruma zake, ndiye aliyekuwa akimshindilia.

Sabato iliyofuata mvua ilinyesha tangu asubuhi. Aliporudi kutoka kanisani alimkuta kenge amekakamaa, jicho moja wazi. Akasimama na kiberiti mkononi. Maandiko yanaruhusu ng'ombe kutolewa shimoni siku ya Sabato, lakini kenge yanamtaja miongoni mwa najisi tu. Akawasha.

Moshi ulimleta shemeji yake Bosire, shemasi, bado amevaa tai.

"Shemeji, hii moshi ni ya nini leo?"

"Ni ya kenge."

"Ya kenge! Hiyo kitu ni najisi. Wachana nayo ikufe. Kanisa itasema nini?"

Zamani angeomba radhi. Leo hakuwa na nguvu hata ya kuona haya.

"Itasema Drusilla amewasha moto. Enda uwaambie, shemeji. Na ufunge mlango, baridi inaingia."

Bosire akaondoka bila kuufunga. Drusilla akaufunga mwenyewe, akaketi chini karibu na mafiga. Baada ya kitambo kirefu kenge akatoa ulimi, akajivuta kuelekea motoni. Drusilla naye akavua viatu vilivyolowa, akanyoosha miguu. Tangu amzike mumewe, Sabato zake zote zilikuwa za kutetemeka peke yake, na hakuna shemasi aliyewahi kuja kuuliza. Hapo akalia kwa sauti, miguu yake ikipata moto.