Mrija wa Pili wa Joska Anena

Saa mbili asubuhi, Joska Anena anauinua mrija wa kioo wa kazi ya leo, mfupi kama kidole, na kuukagua kwenye mwanga wa dirisha. Ndani mna unga mweusi wa mkaa. Anautia kwenye tanuri dogo, anafunga, kisha anaomba umeme wa Kampala usikatike.

Mkaa huo hunasa hewa ya mahali. Ukipashwa moto huachia yote kwa mkupuo mmoja, na mashine iliyo pembeni hupima uzito wa chembe zake na kuitambua sumu ambayo pua haiwezi kuinusa. Umeme ukikatika katikati, ushahidi umepaa. Mrija hauna marudio.

Joska, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, ni fundi wa maabara ya serikali. Wataalamu waliomfundisha wameshaihama nchi. Mshahara wake, shilingi mia tano kwa mwezi, haufui dafu mbele ya sukari ya magendo.

Machi mwaka huu wa 1977 alitumwa kwenye kiwanda cha viatu, upande wa Nakawa. Kilikuwa cha Mhindi aliyefukuzwa. Sasa ni cha kapteni mmoja, miongoni mwa wale waliogawiwa mali za waliofukuzwa wakatajirika, ambao mji unawaita mafuta mingi. Humo, katika chumba kisicho na dirisha, wanawake kumi na wawili walikuwa wakibandika soli kwa gundi huku fizi zikiwatoka damu. Mmoja wao, Mbambu, mkimbizi kutoka Butembo, alianguka kazini. Leo amelala hospitali ya Mulago, anaongezewa chupa ya tano ya damu.

Joska alivuta hewa ya chumba hicho kwa mirija miwili, kama alivyofundishwa: mmoja wa kuchoma, mwingine wa akiba. Wa kwanza ulitoa benzini, sumu inayoharibu damu, tena nyingi. Mlima wake, uliochorwa na mashine kwenye karatasi, hata mtoto angeuona.

Kapteni alikuja mwenyewe, bastola kiunoni, akaichana ile karatasi.

"Wewe mama, rudia hiyo kitu," alisema. "Rudia mpaka mashine iseme vizuri."

Joska akarudia, kwa mrija uleule. Karatasi ikatoka tambarare, bila hata kichuguu. Kapteni akacheka, akaigonga mhuri na kwenda kuitundika kwenye ukuta wa chumba cha gundi.

"Ile mrija ilikuwa tupu," anasema Joska. "Ukichoma mara moja, yote imetoka. Hivyo ndiyo mimi naosha mirija. Huyo mtu amewapa wale wamama karatasi ya kuosha chombo."

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Hawakusema apishwe hadi ndani ya mapafu ya watu. Wanawake kumi na mmoja bado wanavuta sumu chini ya cheti kinachowaambia kuwa hakuna sumu, na ni aibu isiyosemeka.

Ila kapteni hakuuliza habari za mrija wa pili. Joska alikuwa ameziba ncha zake kwa moto na kuuficha ndani ya kopo la maziwa ya unga. Wiki iliyopita ulivuka mpaka, kwa njia isiyofaa kuandikwa. Sasa uko huku tunakochapisha gazeti hili, na utachomwa mara moja tu, mbele ya mashahidi. Joska anataka majibu yasomwe redioni, kwa kuwa wenzake Mbambu husikiliza redio za nje. Wakisikia, anaamini, watatoka katika chumba kile kwa miguu yao.

Tulikuwa tayari kumficha jina. Alikataa. Mumewe Ochan, askari polisi, alichukuliwa kazini mwaka 1972 na hakuonekana tena. Ndugu walinyamaza wasije wakamponza, na hadi leo hakuna aliyemuulizia.

"Andika Joska Anena," anasema, akiufungua mlango wa tanuri. "Andika na kazi yangu. Wakinichukua, mtu aulize."