Nondo Aliyekusudiwa Kubeba Jina Langu

Jamani, nawasimulieni aibu hii mimi mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine, maana pale sokoni Ngaramtoni kuna mama mmoja muuza ndizi ambaye mpaka leo akiniona napita hulikunja blanketi lake haraka haraka na kulikalia.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa nafanya kazi kwa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa, sisi tukimwita Bwana Nyavu kwa sababu kahawa aliwaachia wanyapara, yeye akashinda anakimbiza vipepeo na nondo. Kazi yangu ilikuwa kukimbia naye (yeye na wavu, mimi na chupa) na kumfanyia ukalimani, kwa Kiingereza changu cha misheni, kila tulipokanyaga maharage ya watu. Kazi niliipenda, ila nilimpenda zaidi Naomi, binti wa Mzee Lazaro, mzee wa kanisa, naye Mzee alikwisha sema mbele ya watu: "Mwanamume wa kufukuza wadudu atamlisha mwanangu nini? Mabawa?"

Basi asubuhi moja nafungua sanduku nilimoweka blanketi la mahari (kwetu mkwe hapewi maneno matupu, anavishwa blanketi begani watu wakiona), akaruka nondo mdogo, hata punje ya mchele hafikii, rangi ya majani makavu, nywele za kichwani zimesimama kama za mtu aliyeamshwa ghafla, na mabawa yenye matamvua ukingoni. Chupa sikuwa nayo. Nikamtia katika kikopo cha kaka yangu morani, kilichokuwa na mabaki ya ule udongo mwekundu wanaojipaka, nikakimbilia kazini.

Bwana Nyavu alipofungua kikopo ilibidi akae chini. Nondo ana mabawa mekundu! Akamtoboa pini, akamgeuza, akapekua vitabu vyake vyote, akatangaza kwamba hii ni spishi mpya kabisa, na kwa kuwa nimemkamata mimi ataitwa kwa jina langu, Elisante, likiongezewa kijimkia cha Kilatini. Wekundu ule umetoka wapi, yeye hakuuliza. Mimi nilidhani lenzi yake imeona ambacho macho yangu yalishindwa kuona.

Hapo ndipo nikafanya uamuzi wangu mdogo: siku ya kupeleka blanketi nimwalike Bwana Nyavu atangaze yeye mwenyewe jina langu, Mzee Lazaro asikie kwa masikio yake.

Akaja, tena na mgeni wake, bingwa wa wadudu kutoka Nairobi. Ua umejaa ndugu, wazee na kwaya nzima. Baba yangu mdogo akamvisha Mzee blanketi, vigelegele vikapigwa, Bwana Nyavu akahutubia nami nikatafsiri, na pale aliposema "nondo mpya" mimi nikasema "mdudu mkuu wa mlima huu, mwenye jina langu" (tafsiri bila chumvi hailiki).

Bingwa akaomba amwone huyo nondo, ambaye Bwana Nyavu alikuja naye akiwa bado kwenye pini yake. Akainama na lenzi, akapuliza kidogo tu, puu! Vumbi jekundu likamrukia kwenye masharubu, na pale kwenye pini akabaki nondo wa rangi ya majani makavu. Akanong'ona kitu kwa Kiingereza.

"Anasema nini?" akauliza Mzee Lazaro.

"Anasema... ametoka ukoo mkubwa sana, baba. Ana ndugu kila mahali."

Sijui nani alimdanganya yule mgeni kwamba anajua Kiswahili. Alimgeukia Mzee akapaza sauti: "Hii dudu ya nguo tu! Toto yake nakula blangeti!"

Macho yote yakaenda begani kwa Mzee. Akalivua blanketi taratibu, akalinyanyua juu, na sote tukauona mlima Meru kupitia matundu. Akaruka nondo mmoja, halafu mwingine, na Bwana Nyavu, bila haya yoyote, akawafuata na wavu wake katikati ya akina mama.

"Elisante," Mzee akasema, "nilidhani unafukuza wadudu. Kumbe unawafuga."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kwaya ilicheka mpaka ikakaa chini. Naomi alijifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika, na hata sasa anaapa kwamba alikuwa analia.

Baba mdogo aliomba tulichukue, tulete jingine. Mzee akakataa katakata: limeletwa mbele ya watu, atalivaa mbele ya watu. Akalivaa kanisani Jumapili baada ya Jumapili, benchi la mbele, nami nyuma yake natazama shati lake kupitia zawadi yangu, na kila nilipomfuata kuulizia habari ya binti alinijibu kwa upole, "Subiri kwanza, mwanangu. Bado halijaisha."

Alinipa Naomi lilipobaki pindo. Siku hizi nikiona nondo ndani namwua hapohapo, na sitaki kujua jina lake wala la ukoo wake.