Tulivyomlilia Mama wa Kifaransa

Shule mimi niliishia darasa la tatu, kahawa ikanihitaji, kwa hiyo nikikosea mtanivumilia. Lakini jazi naijua. Ujanani nimecheza jazi Mbinga mjini mpaka soli ya kiatu ikabaki ukumbini. Jazi ni magitaa, na mtu anayelalamikia mchumba.

Basi kijana wangu, anayefanya kazi mjini kwa wanunuzi wa kahawa, akaja huku kwetu Maguu na flashi. Ndani mna albamu ya nyimbo za mama mmoja wa Kifaransa, kapewa na mgeni aliyekuja kuonja kahawa yetu na kuitema. Ndiyo, wanaitema! Unapalilia mwaka mzima, mtu anasukutua, anatema, anasema nzuri.

"Baba," akaniambia, "wakwe wakija tusiwapigie nyimbo za kilabuni. Hii ni jazi ya kistaarabu."

Wakwe walikuwa wanapanda kutoka Lituhi, kule ziwani, siku hiyo hiyo, kumposa binti yangu. Alikuwa amesubiri sana. Mchumba wa kwanza alikimbia, huyo tumwache. Asubuhi binti aliniomba, "Baba, leo usiongee sana."

Sabufa ikawekwa dirishani. Yule mama akaanza kunong'ona kama anaungama, kisha sauti ikapanda ikikatikakatika, na tarumbeta inajiburuza nyuma yake. Magitaa hakuna. Nikasema, "Huyu ana shida nyumbani."

Sasa, kwetu tarumbeta ya polepole namna ile hupigwa na bendi ya parokia tunapompeleka mtu makaburini. Watu wa ziwani wanalijua hilo, wametuzikia wengi. Wakwe wakaisikia toka njia panda. Wanawake wakatua ndoo za usipa mkavu, dagaa wa ziwa lao, wakafunga kanga viunoni, wakaingia uani wanalia: "Mama wee! Mama wee!"

Sisi tukajua wameleta habari ya msiba wa kwao. Mke wangu akajitupa chini. Mimi nikamlilia bwana harusi, maana angekuwa nani mwingine? Binti akatoka jikoni mbio, akamkuta mchumba wake uani, shati jipya, machozi yanamtoka.

"Kumbe uko hai?"

"Kwani kafa nani?"

Tukatazamana, wote tupo. Aliyeendelea kulia ni yule wa dirishani.

Kwa mila, mahali palipoliliwa hapazungumzwi posa siku hiyo. Mjomba wao akaanza kutafuta kofia yake. Binti akanitazama. Nikafungua mdomo, nikakumbuka nilichoombwa, nikaufunga.

Bibi yao ndiye aliyesema. "Kaa chini, wewe! Aliyekufa ni huyo anayeimba. Si mmemsikia anavyokata roho? Tumeshamzika. Zimeni, leteni maji tunawe, msiba uishe."

Kijana wangu akazima. Tukanawa wote beseni moja, kama watu waliotoka makaburini, posa ikapokelewa.

Harusini tulipiga jazi, ile ya magitaa. Bibi akinipigia simu mpaka leo huanza, "Hujambo mkwe, marehemu wenu hajambo?"

Hajambo. Tena wimbo wake wa tatu naupenda kweli. Ila naupiga kwa sauti ndogo, majirani wasije na kuni za msiba.