Shafti ya Mjomba Pantaleo

Balbina alisomea uhandisi wa vyuma, na kazi yake ni kuvichunguza bila kuvikata wala kuvivunja. Kwao Ifakara ndugu hawakuelewa ni fundi gani huyo anayetembea bila nyundo. Mjomba wake Pantaleo, mwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Viwanja Sitini, alimtania kwa kumwita daktari wa vyuma. Lakini shafti, mhimili wa chuma unaozunguka ndani ya mashine hiyo, ilipomtia wasiwasi, alimwita yeye.

Shafti hiyo ilipinda msimu uliopita, mafundi wakainyoosha kwa nyundo. Kwa macho ilikuwa imenyooka kabisa. Balbina alijua kuwa chuma kilichopindishwa kikanyooshwa hubaki kimedhoofika ndani, pengine na ufa usioonekana. Ingekatika ikizunguka, ingempata kwanza Yosefina, mke wa mjomba, anayesimama kando yake akimimina mpunga.

Aliifuta kwa kitambaa, akaipaka rangi nyekundu, nyepesi kama maji, ipenyayo penye ufa. Baadaye akaifuta rangi ile na kupulizia unga mweupe. Ufa ungekuwapo, wekundu ungechomoza. Haukuchomoza. Wakulima wa Kivukoni, waliokuwa wakisubiri kukobolewa mpunga, wakaambiwa washushe magunia.

"Nilijua haitakuaibisha," Pantaleo alisema. "Tangu jana naisugua kwa mawese. Nisingekupa chuma chenye kutu, mama."

Mng'ao ule wa shafti Balbina aliudhania usafi, kumbe mafuta yalikuwa yameizibia rangi njia. Angeweza kunyamaza: mjomba alikuwa na furaha, na yeye mwenyewe hakuwa na hakika ya lolote. Akamwona Yosefina akijifunga kanga kiunoni, tayari kwa kazi.

"Mjomba, naomba turudie. Umeipendezesha mno."

Mjomba alinung'unika, lakini waliiosha kwa petroli na kuianika hadi ikakauka. Safari hii mstari mwekundu, mwembamba kama uzi, ukajichora palepale palipopigwa nyundo.

Balbina akaanza kuomba radhi, kwamba huenda ufa wenyewe ni mdogo. Mjomba akamkatiza, akimtazama mkewe.

"Mdogo, mkubwa, si huyu ndiye anayesimama hapo?"

Yosefina akasema tangu waoane hajawahi kumsikia akijali anasimama wapi.

Pantaleo akatoka nje, akawaelekeza wakulima kwa Octavian, mshindani wake ambaye hata salamu hawapeani. Walipouliza kulikoni, alijibu kwa sauti ya mtu anayetangaza harusi:

"Mpwa wangu ameikataa."