Nilivyoomba Radhi Siku ya Kupunguzwa Kazi

Siku hizi mtu akipunguzwa kazi hakosi washauri. Ukifungua simu tu, wataalamu wamejipanga. Kwanza tulia, usilie mbele ya mwajiri wako. Kisha omba sababu kwa maandishi, uandike upya wasifu wako, uwaarifu watu unaowajua, ule vizuri, ulale mapema na ufanye mazoezi ya kutembea. Mimi niliyasoma yote hayo kwa makini sana, nikiwa nimeshalia mbele ya mwajiri, sina karatasi yoyote mkononi, na kutembea natembea kwelikweli kwa sababu gari ya wafanyakazi ilikuwa hainichukui tena.

Linalonisikitisha ni kwamba hakuna hata mtaalamu mmoja aliyegusia habari ya radhi. Labda huko waliko hawaombani. Sisi Unguja tunaombana kwa kila jambo. Anayesafiri huomba, anayehama nyumba huomba, mgonjwa huomba, anayekwenda Hija hupita mlango kwa mlango, na hata muuza samaki aliyekubambika waliolala huja kukuomba Ramadhani ikikaribia. "Nisamehe nilipokukosea," anasema mmoja. "Nimekusamehe, na wewe nisamehe," anajibu wa pili. Hiyo nusu ya pili haiachwi. Ukimsamehe mtu bila ya wewe kuomba, maana yake umejiona malaika, na malaika hawakai Jang'ombe.

Mimi nakaa Jang'ombe, na mama yangu. Kwa miaka mingi nilikuwa mapokezi katika hoteli moja upande wa Matemwe. Naona aibu kusema, lakini kazi yenyewe kubwa ilikuwa ni hiyohiyo ya kuomba radhi. Niliwaomba wageni radhi kwa umeme, kwa maji ya bafuni, kwa kunguru walioiba mikate mezani. Zaidi ya yote niliomba radhi kwa niaba ya bahari. Kule maji yakipwa hutoka mbali, unabaki mchanga na akina mama wa mwani wakiinama, na mgeni aliyelipia bahari anakuja mezani kwangu kuuliza imepelekwa wapi. Mmoja aliwahi kutaka aitiwe meneja. Nikamwambia tunasikitika kwa usumbufu, itarejea alasiri, na ilirejea, akanishukuru mimi.

Siku hiyo meneja aliniita ofisini asubuhi nikakuta sambusa. Wenzangu, shikeni hili, kwa sababu wataalamu hawaliandiki: ukiona bosi ambaye hajawahi kukukaribisha hata maji anakusogezea sahani ya sambusa, kula haraka, maana ukishasikia habari yenyewe hazitapita kooni. Meneja wetu alikuwa mtu wa Mji Mkongwe, wa ukoo wa zamani, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto. Alinieleza kwamba hoteli inajipanga upya. Meza ya mapokezi inafutwa, wageni watajiandikisha wenyewe kwa simu zao. Akaniambia sisi hapa ni familia moja. Nilikuwa sijui kama familia nayo hupunguzwa, lakini mtu hujifunza.

Kisha akafanya lililoniponza. Aliwakusanya wafanyakazi wote kwenye ukumbi wa chakula niagwe kwa heshima, akasimama mbele yao, akaniomba radhi. Aliomba vizuri, kwa niaba yake na kwa niaba ya hoteli. Na mimi mtoto niliyelelewa, machozi yananitoka, nikajibu kama nilivyofundishwa.

"Nshakusamehe, bosi, duniani na akhera. Na mie unisamehe kwa yote nilokukosea. Najua nnayo makosa mengi."

Hilo la makosa mengi hakuna aliyeniomba. Niliongeza mwenyewe, kama unavyomwongezea mgeni mchuzi. Meneja akainamisha kichwa, akasema "Nimekusamehe" kwa sauti ya mtu ambaye kweli alikuwa na mengi ya kusamehe. Hata mimi, kwa vile alivyosema, nikajiuliza nilimfanya nini.

Basi habari ikafika mtaani, tena ikafika imenyooka. Kapunguzwa peke yake. Kaomba radhi mbele ya watu wote, kalia. Kasema kwa kinywa chake kwamba ana makosa mengi. Ushahidi gani tena watu wautake? Meneja ni mtu wa dini, hawezi kumfukuza mtoto wa watu bure, na lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mtaa ukagawika makundi mawili. Kundi moja lilisema nilitia mkono kwenye sanduku la hoteli. La pili, ambalo lilikuwa kubwa zaidi na lina furaha zaidi, lilisema niliingia chumba cha mgeni. Mwanamke aliyefanya kazi hoteli hakosi kupewa hadithi. Mimi nilipewa mbili, nichague.

Yote hayo ningeyameza. Lililonikaa rohoni ni mama.

Mama yangu hushona kofia. Kila siku baada ya sala ya alasiri alikuwa akitoka na kitambaa chake na sindano, anakaa barazani kwa jirani na wenzake, mwanga mzuri, maneno mazuri, na kofia za mama zikasifika mpaka sokoni Darajani. Wiki ile niliyopunguzwa akaacha kutoka. Akasema jua siku hizi kali. Ilikuwa masika, nje mvua imekamata tangu asubuhi. Akawa anashona ndani chini ya taa, macho kayakunja, na kila mara ananiita nimtungie uzi, yeye ambaye alikuwa akitunga huku anatazama nani anapita njiani.

Aliniuliza mara moja tu. "Mwanangu, umemkosea nini yule mtu?"

"Sikumkosea kitu, mama."

"Mbona ukamuomba radhi?"

"Si wewe ndo ulonifundisha?"

Akaivuta sindano, akaangalia kofia yake, na mimi nikajua kwamba hakuniamini. Iliniuma kuliko kazi yenyewe.

Nikarudi kwa wataalamu wangu wa kwenye simu. Wanasema waarifu watu unaowajua. Sikuwa na haja, mtaa ulikuwa umeshanifanyia bila malipo. Wanasema peleka maombi kwingine. Nikapeleka hoteli moja ya Paje, nikavaa baibui jipya, na yule aliyenisaili alikuwa mchangamfu mpaka alipouliza nilikuwa wapi zamani na kwa nini nilitoka. Nilipoitaja hoteli akafunga faili taratibu kabisa, kwa adabu, akasema tutakupigia. Nadhani mpaka leo wanatafuta vocha.

Omba sababu kwa maandishi, wanasema. Nikapiga simu, nikaambiwa karatasi inaandaliwa. Nikapiga tena, bado inaandaliwa. Misahafu mizima imeshanakiliwa kwa mkono kwa muda mfupi kuliko ule.

Kisha mwenzangu mmoja wa kufulia akanipigia, anaongea chini chini. Meza ya mapokezi ipo palepale. Amekaa msichana, mtoto wa dada wa mke wa meneja, amevaa sare yangu imepunguzwa mikono. Kumbe nafasi haikufutwa, ilifutwa vumbi tu.

Siku ya pili nikaenda ofisi ya kazi. Nilimkuta mama mmoja mpole, akanisikiliza mpaka mwisho, akanieleza yale ambayo kwa kweli kila mtu angejua kabla ya kula sambusa: mtu hapunguzwi kwa nafasi kufutwa kisha nafasi hiyohiyo akapewa mwingine, mkataba wangu niulete, na malalamiko yana muda wake, nisichelewe. Nikarudi nyumbani mbiombio, nikautoa mkataba chini ya godoro. Mama akanisimamia mlangoni.

"Unakwenda kumshitaki mtu ulompa radhi mbele ya watu?"

"Mama, mie nilimsamehe kunipunguza. Sikumsamehe kunidanganya, nilikuwa sijui."

"Duniani na akhera, ulisema. Radhi si dera, ukivaa likakubana ukalirejesha dukani."

Ningeweza kubishana na sheria. Kubishana na mama ni kazi nyingine, na mimi ndiyo kwanza nimetoka kazini. Nikaurudisha mkataba chini ya godoro. Nikawa mtu wa ajabu mimi: mkosaji ambaye amesamehe, mwizi asiyejua kaiba nini. Kumshitaki siwezi, kusafishika siwezi, na mama yuko ndani anaharibu macho.

Siku zikapita. Halafu jina la meneja likatoka katika watu wanaokwenda Hija.

Huyu ni mtu wa dini, nilishasema. Na mtu hafiki kule kwenye Nyumba ya Mungu na haki za watu zimemganda mwilini. Kwa hiyo alipita kwa ndugu, akapita kwa majirani zake, akapita kwa wafanyabiashara waliowahi kugombana naye, na alasiri moja gari yake ikasimama mbele ya nyumba yetu, akashuka yeye na mkewe, kanzu yake nyeupe mpaka inatia uchungu. Barazani kwa jirani akina mama wote walikuwepo. Maneno yalikatika kama redio iliyokwisha betri.

"Hodi," akasema.

"Karibu," akajibu mama kutoka ndani.

Wakakaa kwenye mkeka. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu, hamjambo?" Tukaulizana hali za watu wote wa nyumba zote mbili, wazima na wagonjwa, ndipo akanigeukia.

"Mie nnakwenda Hija, inshaallah. Nimekuja kukuomba radhi."

"Mbona nilishakupa, bosi?" nikamwambia. "Au ile imekwisha muda wake?"

Mama akanikata jicho. Meneja akafuta jasho. "Ile ilikuwa ya kuagana," akasema. "Hii ni ya kweli."

Nilishukuru kuelezwa tofauti. Nikaiteremsha sauti. "Nikusamehe nini khasa? Nisije nikasamehe kisichokuwepo, kile kilichopo kikabaki."

Akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa anausoma mkeka. Basi akasema, kwa ile sauti yake ya kubembeleza, chini kabisa, karibu na kifua chake: "Meza haikufutwa. Nafasi nilimpa mtoto wa shemeji yangu. Wewe hukuwa na kosa lolote."

Nilimtazama mama. Mkono wenye sindano ulikuwa umesimama.

"Umesema nini, mwanangu?" akauliza. "Masikio yangu mabovu siku hizi."

Mama yangu husikia jirani wa nyumba ya tatu akifunua sufuria na akakwambia kilichomo. Meneja akarudia, akapandisha sauti kidogo.

"Bado," akasema mama. "Humu ndani feni inapiga kelele. Hebu tutoke barazani, mwanangu, kuna upepo."

Umeme ulikuwa umekatika tangu adhuhuri. Lakini nani atambishia mtu mzima, tena wakati umekuja kuomba radhi? Akainuka, akatangulia na kofia yake mkononi, na sisi tukamfuata: meneja, mkewe, na mimi nyuma. Nje akina mama walitupisha kwa heshima kubwa, wakabaki palepale walipo. Mama akakaa mahali pake pa zamani, akalinyoosha gauni lake, akamkingia sikio.

"Haya, sema sasa. Meza imefanywa nini?"

Akasema. Alisema yote, wazi, mchana kweupe: meza haikufutwa, nafasi kapewa jamaa yake, huyu binti hana kosa, hakuchukua kitu cha mtu, hakufanya jambo la aibu. Hilo la mwisho aliliongeza mwenyewe. Nadhani na yeye hadithi zilikuwa zimemfikia. Jirani mmoja wa lile kundi kubwa akaanza kukohoa.

"Nimekusamehe," nikamwambia. "Duniani na akhera."

Akabaki amesimama. Mkewe naye akasubiri. Akina mama wote wa barazani wakasubiri, maana kila mtu pale alijua kwamba maneno hayo hayajatimia, imebaki nusu yangu. Nusu yenyewe ilinifika ulimini, kwa mazoea tu, nikaikamata hapohapo kwa meno.

"Hija njema," nikasema.

Kazi hakunirejeshea, na mimi sikumkumbusha. Yule msichana wa Matemwe nasikia anaomba radhi kwa niaba ya bahari vizuri sana. Siku ya pili niliutoa mkataba chini ya godoro nikaenda nao ofisi ya kazi, maana safari hii aliomba radhi yake peke yake, ya hoteli hakuitaja, na mama hakusimama mlangoni.

Lakini jioni ile, gari ilipoondoka, nilimwambia mama aingie ndani, mbu wameanza. Akakataa. Akaniambia humo ndani hajawahi kuliona vizuri tundu la sindano, kisha akautia uzi mwenyewe, mara moja, huku anamtazama jirani yake usoni.